Fukwe Tulizompeleka Mama

Dada yangu alipokuja likizo kutoka Dodoma, mimi nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao mtu akilala hauondoki. Nalala nao, naamka nao. Mama yetu alikuwa amepata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, mkono na mguu, na mdomo ukapinda kidogo. Tangu hapo nilihamia nyumbani kwake Ujiji na cherehani yangu, nikaiweka barazani ili niweze kushona huku nasikiliza ndani. Watoto wangu wamekua na wana nyumba zao. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo siku ukoo ulipokaa kuulizana nani atakaa na mama, hakuna aliyeuliza kwa kweli. Watu walinitazama tu.

Siku yangu ilianza kabla ya adhana. Nachemsha maji, namgeuza mama, namfuta mgongo, nabadilisha shuka, naloweka ile chafu. Uji, kisha dawa. Namkalisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni apate jua. Nashona kidogo, ananiita, naenda. Nikirudi nimesahau nilikuwa nakata mkono wa kulia au wa kushoto. Kuna mteja mmoja gauni lake la harusi ya mdogo wake nililishona mikono yote miwili ya upande mmoja, akalivaa pale pale barazani, akajitazama, akaniangalia usoni, wala hakugomba. Alisema, "Dada, wewe nenda kalale." Ningependa kugombezwa.

Kitu kingine ambacho kiharusi kilimchukulia mama ni Kiswahili. Alizaliwa kijijini Simbo, akakua na Kiha, Ujiji alikuja kwa ndoa. Maisha yake yote ya biashara aliyafanya kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kubishana bei, lakini ugonjwa ulipopita ulimwachia Kiha na maneno machache ya Kiswahili yaliyokatikakatika. Mimi Kiha ninacho. Dada yangu aliondoka mapema, akasoma mbali, akaolewa mbali, akafundisha sekondari huko mpaka leo, na chake kimebaki salamu. Kwa hiyo alipofika ikawa mimi ndiye wa kumwambia mama anasema nini.

Alishuka stesheni ya Kigoma na mabegi mawili na mfuko wa karanga. Ni mkubwa wangu, lakini ukituweka pamoja mtu angesema mimi ndiye mkubwa. Aliingia ndani kwa sauti ile ile ya darasani.

"Shikamoo mama! Nimekuja! Safari hii sikai ndani. Tunatembea, mimi na wewe na mdogo wangu. Nataka tuzione fukwe zote, kuanzia hapa Ujiji mpaka huko Katonga. Tutapiga picha."

Mama alimtazama muda mrefu, chozi likamtoka jicho moja. Kisha akasema, "Amazi."

"Anasema maji," nikamwambia dada.

Dada akakimbilia mtungini, akaja na kikombe. Mama akakisukuma kwa mkono wa kushoto, maji yakamwagika kangani. Akanigeukia mimi, akaongea kwa Kiha, polepole, akitafuta kila neno. Nilimwelewa mapema, lakini nilimwacha amalize kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kutolitafsiri.

"Anasema nini?" dada akauliza.

"Anasema hataki maji ya kunywa. Anataka kuingia ziwani. Anasema kwenye beseni haogi, anafutwa tu."

Dada akapiga makofi. "Basi! Kesho!"

Nilifikiria kiuno changu. Mama hakuwa mnene tena, lakini mwili uliolala nusu una uzito wake, haukusaidii. Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti mimi huhesabu pumzi. Sasa kumtoa kwenye kiti hadi ziwani, na kumrudisha akiwa amelowa.

Kesho yake tulimwita jirani yetu mwenye bajaji, baba mmoja mkimya ambaye mama alimjua tangu akiwa mtoto. Alikifunga kile kiti cha plastiki nyuma ya bajaji kwa mpira wa baiskeli. Mama tukamweka katikati yetu, mimi upande uliolala ili asimwangukie dada.

Tulianza na pwani yetu wenyewe ya Ujiji, kwa sababu ni karibu na kwa sababu ndipo sisi wawili tulipojifunza kuogelea, tukishikilia madumu ya mafuta ya mawese yaliyokwisha. Mimi nilikuwa nimemwambia dada kwenye simu, si mara moja, kwamba ziwa limepanda. Alikuwa akijibu, "Ndiyo, nimesikia." Lakini kusikia ukiwa Dodoma ni kitu kingine. Alishuka kwenye bajaji akasimama, akageuka huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Mchanga uko wapi?"

"Uko chini ya maji."

"Na ile mikoko... si mikoko, ile michikichi?"

Nilimwonyesha. Michikichi mitatu ilikuwa imesimama ndani ya ziwa, mbali kidogo na ukingo, imekauka kichwa. Mbele yake palikuwa na ukuta wa nyumba ya watu, ukuta mmoja tu, mawimbi yanaingia dirishani na kutokea mlangoni. Wenyewe walishahamia kwa ndugu zao juu. Pale tulipokuwa tukifulia na kuanika nguo pangehitaji mtumbwi kupafikia. Ukingo wa sasa ulikuwa matope, chupa za plastiki na mizizi.

Dada alinyamaza. Ni mtu asiyejua kunyamaza, kwa hiyo niliona uchungu wake. Mama alikuwa akichungulia kutoka ndani ya bajaji. Akasema neno moja kwa Kiha, nikalitafsiri, "Anasema si hapa."

"Ni hapa mama," dada akasema. "Ni hapa hapa kwetu."

"Si hapa," mama akarudia, safari hii kwa Kiswahili.

Mzee mmoja aliyekuwa akikwangua mtumbwi wake alitusogelea, tukamwamkia. Alipojua tunataka kumwogesha mgonjwa alitikisa kichwa. Akatuambia upande ule, kuelekea unakoingilia mto Luiche, mamba walishaonekana tangu maji yapande, na watu wameacha kuoga. Tukamshukuru. Dada alipiga picha moja ya ule ukuta, kisha akaifuta.

Siku iliyofuata nilitaka tupumzike. Nilikuwa na nguo za watu. Lakini dada alishaamka, alishapika chai, alishamvalisha mama gauni la kutokea, kalivaa kinyume, lebo iko kooni. Nililigeuza. Tukaenda Kibirizi.

Kibirizi ndipo mama alipofanyia kazi. Alinunua dagaa pale alfajiri, akawaanika, akawauza kwa wanaowapeleka mbali. Sisi tulisomeshwa na dagaa wa Kibirizi. Lakini mwezi ule ziwa lilikuwa limefungwa, uvuvi umesimamishwa ili samaki wazaliane, na mwalo wote wa kushushia samaki ulikuwa umelala. Vipe, zile boti za mbao za kuvulia dagaa, vilikuwa vimevutwa juu na kufunikwa maturubai. Wachukuzi walikuwa wamekaa kivulini wanacheza bao, na mmoja amelala kifudifudi juu ya magunia matupu. Hata harufu ya dagaa ilikuwa ya zamani, imebaki kwenye mawe. Niliwaonea wivu. Nilijiuliza mtu anafanya nini ili naye afungwe kama ziwa, miezi kadhaa, apumzike.

Tulimkalisha mama kwenye kiti chake karibu na maji. Haikupita muda mama mmoja mnene, mwenye ushungi wa kijani, akatoka kwenye banda akija mbio, mikono imeinuliwa, akimwamkia mama kwa Kiha. Alikuwa mwenzake wa biashara, walianika pamoja miaka mingi.

"Mwakeye! Mwakeye! Ni wewe kweli? Waliniambia umeshazikwa!"

Mama akacheka. Kile kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo lakini kilikuwa chake, cha zamani, na mimi sikuwa nimekisikia tangu augue. Yule mama akakaa chini kwenye changarawe, akashika mguu wa mama uliolala, akaanza kuukanda huku wanaongea Kiha kwa kasi ambayo hata mimi ilinipita. Waliongea habari za watu waliokufa na watu walionyang'anyana wateja. Dada alikuwa akinivuta mkono, "Wanasema nini? Nini kinachekesha?" Nilimwambia, "Mambo ya dagaa." Sikuwa na nguvu ya kutafsiri furaha.

Dada alipouliza kama tunaweza kumwingiza mama majini pale, yule mwenzake alitushangaa. "Hapa? Hapa vipe vinamwaga oili, watu wanaosha kila kitu. Mnataka kumwogesha au kumchafua?" Akatushauri tujaribu Bangwe. Wakati wa kuondoka alimshika mama uso kwa mikono miwili. Hawakuambiana watakutana lini. Mama alilala njia nzima ya kurudi, kichwa begani kwangu, na bega likafa ganzi, sikulisogeza.

Bangwe ndiko tulikogombana.

Barabara ile ina mashimo. Jirani yetu aliendesha taratibu, lakini kila shimo mama aliguna, na mimi nilikuwa namshikilia kiunoni kwa mikono yote. Tulipofika, ufukwe tulioelekezwa ulikuwa chini ya mteremko wa mawe. Maji yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo, unaona mawe mpaka chini na visamaki vya rangi rangi vinapita. Lakini kufika pale ni kwa miguu ya mbuzi. Dada alishuka peke yake kukagua. Akatuita kutoka chini, akipunga mkono.

"Inawezekana! Mleteni, tutamshika huku na huku!"

"Haiwezekani," nikamjibu.

"Ukipenda inawezekana! Mimi nashika mabega, wewe miguu!"

Mama kwenye kiti alikuwa amefumba macho kwa jua. Jirani yetu alikwenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Dada akapanda juu akihema, jasho linamtoka, amekasirika.

"Kila kitu wewe ni hakiwezekani. Tangu nimekuja. Ujiji haiwezekani, Kibirizi haiwezekani. Mama ana hamu moja tu. Mimi nimepewa likizo fupi, nimekuja kumpa raha, na wewe umenuna kama mtu aliyelazimishwa."

"Wewe umekuja kumpa raha," nikasema. "Mimi nampa uji."

"Una maana gani?"

"Maana yangu ni kwamba tukimwangusha hapa, wewe utapanda treni. Mimi ndiye nitakayekaa na mfupa uliovunjika."

Nikadhani nimemaliza, lakini maneno yalikuwa yamepata njia. Nikamwambia kwamba sijalala usiku mzima tangu mama augue. Kwamba nikikohoa naogopa, kwa sababu nikiugua mimi hakuna mtu wa pili. Kwamba kila anapopiga simu anauliza, "Mama anaendeleaje?" na kukata, wala hajawahi kuuliza mimi naendeleaje. Nilisema yote kwa sauti ya chini, si kwa adabu, ni kwa kukosa pumzi ya kupaza. Nilikaa juu ya jiwe.

Dada akasema, "Ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Huwa unakata."

Mama alikuwa amefumbua macho, anatutazama. Sijui alielewa kiasi gani. Alinyoosha mkono wake mzima, akamshika dada kanga, akamvuta, akasema kitu. Dada akanigeukia kwa macho ya kuomba.

"Anasema ana njaa," nikamwambia. Ni kweli ndicho alichosema.

Tulirudi nyumbani, nikawapikia ugali wa muhogo na maharage ya mawese, kwa kuwa samaki hawakuwepo. Usiku ule dada alilala chumba cha mama. Nilisikia mama akiita, nikaketi kitandani kama kawaida, nikasikia dada akiamka kabla yangu. Nilibaki nimekaa gizani sijui nilale au niende. Nikalala, lakini masikio hayakulala.

Siku kadhaa hatukwenda popote. Dada alijifunza kumgeuza mama. Alijifunza uji uwe mwepesi kiasi gani usimpalie. Alinyamaza zaidi. Siku moja jioni alirudi kutoka mjini Kigoma akaniambia, "Kuna ule ufukwe wa Katonga, wa kulipia. Nimekwenda mwenyewe kuangalia. Kuna ngazi, ni ndefu, lakini wapo vijana wawili wanaofanya kazi pale, nimeongea nao, watamshusha na kiti chake. Chini ni mchanga mtupu, maji yanaanza mafupi. Nimeingia mpaka kiunoni kupima. Ukisema hapana, ni hapana."

Nilimtazama. Pindo la gauni lake lilikuwa bado bichi. Nikasema, "Twende asubuhi, kabla ya upepo."

Ilikuwa siku ya katikati ya wiki, hapakuwa na watu. Ile njia inashuka kwenye msitu mdogo, na tulipokuwa juu ya ngazi tukakuta pundamilia amesimama njiani anatafuna, mmoja wa wale wanaofugwa pale. Mama alimwangalia, pundamilia akamwangalia mama. Kisha mama akaniuliza kwa Kiha kama na huyu naye ameambiwa ashushwe na kiti. Nilicheka hadi nikashika mti. Dada akauliza, nikamtafsiria, safari hii neno kwa neno, naye akacheka, na wale vijana wakacheka bila kujua.

Walimbeba mama vizuri, mmoja mbele mmoja nyuma, wakipumzika kila ngazi zinapopinda. Mimi nilitembea pembeni nimemshika mkono mbovu usining'inie. Chini kulikuwa na ghuba ndogo imezungukwa na miti, mchanga mweupe wa punje kubwa, na maji yametulia kabisa. Wakakiweka kile kiti ndani ya ziwa, maji yakafika kwenye vifundo vya miguu ya mama. Wakarudi juu kutupa nafasi.

Tulimvua gauni, tukambakiza kanga iliyofungwa kifuani. Sisi nasi tukafunga zetu. Tulimsogeza na kiti kidogo kidogo, hadi maji yakafika tumboni. Hapo mama akashtuka kwa baridi, akanishika shingo kwa nguvu, kucha zikaniingia. Nilimwambia kwa Kiha, "Nipo. Sikuachi." Akapumua. Akatuambia tumtoe kwenye kiti.

Dada aliniangalia. Mimi ndiye niliyesema, "Haya."

Nilimweka mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya magoti, dada akashika kichwa, na tukamwinua kutoka kwenye kiti. Nilikaza kiuno nikingojea ule uzito ninaoujua. Haukuja. Ziwa lilikuwa limeshaupokea. Mama yangu, ambaye kila asubuhi ninamsukuma kama gunia, alikuwa juu ya mikono yangu mwepesi kama nguo inayosuuzwa. Mkono wake wa kulia, ule usiosogea, uliinuka wenyewe na kuelea pembeni yake, vidole vimefunguka. Mama aliugeuzia macho akauangalia. Alikuwa akiutazama kwa mshangao mtulivu, kama mtu aliyepitiwa na mgeni ambaye alimdhania amehama.

Tulimzungusha taratibu. Alifumba macho. Tukamsugua kwa sabuni ya mche mgongoni na kichwani, dada akamsuuza nywele kwa kiganja. Alikunywa maji kidogo kutoka mkononi mwake mzima, kama watu wa ziwani walivyokuwa wakifanya zamani. Kisha akaanza kuongea, na kwa mara ya kwanza hakuniangalia mimi, alimwangalia dada. Dada akasema haelewi. Mama akatafuta. Nikaona anatafuta, midomo inafanya kazi.

"Mdogo wako," akasema kwa Kiswahili. "Huyu. Amechoka."

"Najua mama," dada akasema.

"Amechoka sana."

"Najua. Nimeona."

Nilijifanya naangalia kiti kisichukuliwe na maji.

Tulipomtoa, tulimkausha na kumkalisha mchangani, ameegemea mkoba wa nguo. Mimi nilikaa karibu yake nikasema ninyooshe mgongo kidogo tu. Mchanga ulikuwa umeanza kupata moto. Kitu cha mwisho nilichosikia ni dada akiuliza chakula kiko kwenye chombo gani.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehama kabisa. Nilikuwa nimefunikwa kanga mbili, moja imetundikwa kwenye fimbo kunitilia kivuli usoni. Niliruka kama mtu aliyechelewa kazini. "Mama! Dawa!"

"Amekunywa," dada akasema.

Walikuwa wamekaa mbele yangu. Mama alikuwa na gauni jingine, si lile tulilokuja nalo, na lile la kwanza lilikuwa limefuliwa, limeanikwa juu ya jiwe. Dada nywele zilikuwa zimemsimama, gauni lake limelowa mpaka kifuani, na usoni alikuwa mtu mwingine.

"Alijichafua," akasema. "Nilitaka kukuamsha. Akanikataza. Nilimwosha peke yangu. Nilimwangusha kidogo, hapa kwenye mchanga laini, hakuumia. Ilinichukua muda." Akakamua pindo la gauni. "Hivi unafanyaje kila siku?"

Nikamwambia, "Naanza na upande uliolala. Ukianza na ule mzima anakusaidia vibaya, mnaanguka wote."

Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Kisha akalia, na mama akampigapiga mgongoni kwa mkono wa kushoto, na mimi nikala mihogo iliyobaki kwa sababu nilikuwa na njaa kali na sikuwa na nguvu ya kumbembeleza mtu mwingine.

Likizo yake ilikwisha. Sitadanganya kwamba aliacha kazi akahamia kwetu, wala kwamba alimchukua mama. Tulimuuliza mama kuhusu Dodoma, akauliza kama kuna ziwa. Lakini kabla ya kuondoka dada alipanda bajaji ya jirani peke yake, akaenda Simbo kwa wajomba, akakaa huko kutwa nzima. Kiha chake kibovu kiliwachekesha, alisema, lakini walimsikiliza. Alirudi na binti wa mjomba wetu, mwanamke mzima, mjane kama mimi, ambaye mashamba yake wakati ule wa kiangazi hayakuwa na kazi. Tulikubaliana awe anakuja siku za katikati ya wiki, analala, anarudi kwake. Mama anampenda. Anamwita kwa jina la bibi yetu, mama yake, na mwenyewe anaitika.

Dada sasa anapiga simu jioni, na akimaliza habari za mama anauliza, "Na wewe?" Mara nyingi nasema nipo. Mara nyingine namwambia kiuno kinauma, naye hakati.

Siku ya kwanza yule binamu yetu alipokuja kukaa, aliniambia nitoke, niende nikatembee, yeye yupo. Nilivaa, nikachukua mkoba, nikafika barabarani nisijue pa kwenda. Miguu ilinipeleka mwaloni. Ziwa lilikuwa limeshafunguliwa, vipe vimerudi majini, na wanawake walikuwa wameinamia dagaa wa jana usiku wanawatandaza juani. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilisikiliza kama kuna mtu ananiita. Hakuna aliyeita. Mikono sikujua niiweke wapi, nikaiweka mapajani.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika aliinua kichwa akaniuliza, "Unamsubiri nani, dada?"

"Simsubiri mtu," nikamwambia. "Nimekaa tu."

Akaniangalia kidogo, akasogeza ndoo yake isinizibe, akaendelea na kazi.